Kamba Inayotazama Kisiwani

Jumatatu, 3 Juni
Ofisi ya ndege wa baharini imenipa daftari hili niandike kila siku nimeona vitambaa vingapi kisiwani. Kwa kila siku wameacha mistari mitatu. Wamekosea mtu. Mimi sijawahi kumaliza jambo kwa mistari mitatu, na kwa kuwa hakuna aliyenikataza kuteremka chini ya hapo, nitateremka.

Kazi hii ilikuwa ya mama. Miaka sita alikaa kwenye dirisha hili na darubini shingoni, akiandika. Mwaka jana alifariki katikati ya msimu, na ofisi wameona nyumba ni ile ile na dirisha ni lile lile, wakaja kunibishia hodi mimi. Cherehani yangu iko hapo hapo dirishani. Nikiinua kichwa nakiona kisiwa, nitake nisitake.

Kisiwa chenyewe ni jiwe tu. Hakina mtu, hakina maji, hakina mti hata wa kuchongea kijiti cha meno, na simu haishiki. Kuanzia mwezi wa sita hadi wa tisa ndege wa baharini hutaga huko, na ofisi hupeleka mtu mmoja wa kuhesabu viota. Analala kwenye kibanda cha mabati. Mtu huyo ni mdogo wangu, Chiriku. Jina ni la utani, alipewa na mama akiwa na miaka mitatu, kwa vile alikuwa hanyamazi hata usingizini.

Kila asubuhi Chiriku anatandaza vitambaa vyeupe juu ya mwamba unaotazama kwetu, na jioni anaviokota. Kimoja: mimi mzima. Viwili: nina shida, leteni safari ijayo. Vitatu: njooni sasa hivi. Sisi tunamjibu kwa kamba ya nguo iliyoko uani, ukingoni kabisa mwa jabali. Shuka moja: tumekuona. Mawili: kesho boti inakuja. Matatu: shuka kwenye jiwe la kufungia boti, uingoje, urudi nyumbani. Ni mama aliyeubuni utaratibu huu, na lazima viwe vyeupe kwa sababu rangi nyingine yoyote haionekani kwa umbali ule.

Vitambaa vya mwaka huu nimevishona mimi, vya bafta, pindo mara mbili. Leo asubuhi nimempa kwenye mfuko. Akasema, "Dada, hata kwaheri?" Nikamwambia uzi umekatika, aniache niutunge. Uzi haukuwa umekatika.

Jumanne, 4 Juni
Kimoja.

Jumatano, 5 Juni
Kimoja. Upepo.

Jumamosi, 8 Juni
Kimoja.
Nahodha amepita kuchukua suruali yake niliyoipunguza kiuno. Ndiye mwenye boti, ndiye anayempelekea Chiriku chakula na maji kila wiki mbili, siku ya Jumamosi. Akaangalia dirishani, akaniangalia mimi, akasema, "Fundi, mwaka sasa unakaribia. Huyo si mdogo wako huyo?" Nikamwambia suruali tayari, asije akanenepa tena kabla ya mwezi kuisha. Akaondoka.

Basi niandike, maana hata nisipoandika liko kifuani.

Mwaka jana mwezi wa saba mama alianza kuugua ghafla, wakati Chiriku ana wiki nzima mbele kabla ya boti ya kawaida. Wiki ile sikulala. Nilikuwa nampikia, namgeuza, nafua, nampikia tena, nafua tena. Tarehe kumi na tisa, alipoanza kushindwa kumeza, nikatundika matatu kwa mikono yangu, nikamtuma Nahodha. Pale kisiwani boti haifungwi mpaka mtu aliye juu ya jiwe apokee kamba. Nahodha alizunguka nusu saa nzima akipiga honi. Hakuna mtu. Akarudi. Kesho yake saa tisa alasiri mama aliuliza, "Chiriku kafika?" Nikamwambia yuko njiani. Hakuuliza tena.

Chiriku alirudi na boti ya Jumamosi, tumekwisha kuzika. Nilimuuliza pale pale uani, bado ana begi mgongoni: hukuyaona matatu? Akageuka akaitazama kamba. Akaitazama sana. Akasema, "Niliyaona, dada. Nilidhani ni nguo za kufua." Basi. Mtu wa maneno yote yale, siku hiyo hakuongeza hata moja.

Nilidhani ni nguo za kufua. Mwaka mzima nayatafuna maneno hayo na hayamezeki.

Jumamosi, 15 Juni
Kimoja. Boti imeenda na kurudi. Nahodha kaniletea karatasi ya Chiriku: "Dada, makinda ya kwanza yametoka. Yana sura ya mjomba akiamshwa usingizini." Nilikaribia kucheka. Nimeiweka karatasi kwenye kopo la vifungo. Sikujibu.

Jumapili, 16 Juni
Kimoja.

Alhamisi, 20 Juni
Kimoja. Sare za shule hamsini na mbili, na mteja anataka zote kwa wiki mbili. Watu wanadhani cherehani inashona yenyewe.

Jumamosi, 29 Juni
Kimoja. Karatasi nyingine: viota mia tatu na kumi, na anauliza kama mguu wangu bado unauma kwa sababu ya kukanyaga cherehani. Unauma. Sikujibu.

Jumatano, 3 Julai
Ukungu. Sikuona kitu mpaka saa tisa. Kimoja.

Sitaki kusema nilikuwa na wasiwasi.

Ijumaa, 12 Julai
Viwili. Nimetundika mawili, nimemwambia Nahodha aandae na dawa, pengine ni tumbo.

Jumamosi, 13 Julai
Kimoja. Kumbe shida yenyewe! Nahodha kafika mbio, kamkuta amekaa juu ya jiwe ananing'iniza miguu. Kampa karatasi: "Nina kila kitu. Kilichopungua ni wewe kuniandikia. Hata ukinitukana nitafurahi." Nahodha anacheka hadi anajipigapiga mapaja.

Mimi sikucheka. Nilisimama pale gatini nikamwambia angoje, nikamwandikia Chiriku nyuma ya karatasi ile ile, kwa chaki ya kukatia nguo, kwa kuwa sikuwa na kalamu: "Vitambaa si vya kuchezea." Nikampa Nahodha ampelekee kwenye safari ya pili, ya mapipa ya maji. Kampa.

Alitaka nimwandikie, basi nimemwandikia.

Ijumaa, 19 Julai
Kimoja. Mwaka umetimia tangu nitundike matatu.

Jumamosi, 20 Julai
Kimoja. Saa tisa alasiri nilisimamisha cherehani. Nilipotazama kwa darubini nilimwona amesimama karibu na kitambaa chake, amesimama tu, anaangalia huku. Sijui kama alikuwa ananiona. Tulisimama hivyo, yeye kwake, mimi kwangu, mpaka mteja akabisha hodi.

Jumatatu, 22 Julai
Kimoja.

Jumanne, 23 Julai
Vitatu.

Nimeviona saa nne asubuhi. Bahari imetulia, hata povu halionekani kwenye miamba. Nimeweka darubini chini nikamalizia kola niliyokuwa nayo, kisha nikaangalia tena. Vitatu.

Juzijuzi viwili, karatasi ya mzaha. Leo vitatu. Anadhani nitakimbia gatini, nipande boti mimi nisiyepanda boti, nifike huko nimkute amekaa juu ya jiwe na kile kicheko chake, aniambie, "Umekuja, dada, sasa tuzungumze." Anajua fika kwamba siwezi kuvipuuza vitatu. Anajua, kwa sababu anajua yeye alivipuuza vya nani.

Saa sita: vitatu. Nimekula.

Saa tisa: vitatu. Ningeweza kumtuma mtu kwa Nahodha, ni dakika kumi tu. Acha angoje. Mimi nilingoja na mama siku nzima na usiku wake. Naye aonje kidogo.

Kesho asubuhi nitamwambia Nahodha. Leo hapana.

Jumatano, 24 Julai
Vitatu, na havijaokotwa. Jioni huwa anaviokota visipeperuke. Leo asubuhi viko pale pale vya jana, na cha tatu kimekunjamana, mtu aliyetandaza hakukimaliza.

Nimekimbia gatini na tepu ya vipimo shingoni. Upepo ulikwisha kuanza. Nahodha aliwasha injini, tukatoka mdomoni mwa ghuba, wimbi la tatu likajaa ndani ya boti, akageuza. Nikamwambia twende. Akasema, "Fundi, tukizama sisi atabaki na nani?" Saa nane tukajaribu tena. Akageuza tena. Nilimtukana matusi ambayo sikujua kama ninayo, naye akawa anakomba maji kwa ndoo.

Nimetundika matatu kwenye kamba. Ili ajue kwamba nimeona. Upepo umeyazungusha yakawa fundo moja, nimetoka mara saba kuyanyoosha.

Jana bahari ilikuwa imetulia.

Alhamisi, 25 Julai
Naandika hospitalini, nyuma ya pazia.

Tuliondoka alfajiri. Nahodha alinivalisha koti la kuelea na kunifunga kamba kiunoni, akanieleza mara moja tu: boti ikipanda na wimbi, ruka, usisubiri ishuke. Maisha yangu yote naogopa maji yanayozidi beseni. Boti ikapanda, nikaruka. Niliangukia magoti, nikashika jiwe kwa kucha, ndege wote wa kisiwa kile wakaruka juu kwa pamoja wakilia. Nikafunga kamba kwenye chuma kama nilivyofundishwa.

Sikujua njia. Niliona tu alama za rangi alizoweka kwenye kila kiota alichohesabu, nukta za bluu, nikazifuata. Zilinipitisha kibandani. Hakuwemo. Zikanipandisha juu hadi mwamba wa vitambaa.

Alikuwa amelala hatua tatu kutoka kwenye kitambaa cha tatu. Paja la kushoto limevunjika, limevimba hadi suruali imepasuka mshono. Aliteleza kwenye ufa Jumanne alfajiri, akatambaa kutoka huko chini na vitambaa mdomoni. Midomo yake imekauka. Chupa ilibaki kibandani, na kibanda kiko upande wa pili. Nilimnywesha kwa kifuniko, kidogo kidogo. Kitu cha kwanza alichosema ni, "Dada, umeruka wewe?"

Nikasema nimeruka.

"Mama angecheka," akasema, na akafumba macho.

Sijui tulimshushaje. Nahodha alimbeba mgongoni na mimi nikaushika mguu, na kila hatua alikuwa analia bila kutoa sauti. Ndani ya boti nilikilaza kichwa chake mapajani. Nilivua ile tepu ya vipimo, bado ilikuwa shingoni tangu jana, nikaifunga kwenye vipande vya mbao kuushikilia mguu.

Njiani akaniuliza. Nilijua ataniuliza.

"Uliona lini?"

Ningeweza kumwambia ukweli. Nahodha alikuwa mbele, injini inanguruma, asingesikia. Nikasema, "Jumanne. Nilidhani umefua."

Akanitazama kwa muda mrefu. Nilidhani atanikumbusha, na nilikuwa tayari kukumbushwa. Akautafuta mkono wangu, akaushika.

"Hutokea, dada," akasema. "Usijisumbue moyo. Hutokea."

Ijumaa, 26 Julai
Wamemfanyia upasuaji. Anazungumza. Kamwambia nesi kwamba mimi ni fundi bora mji mzima lakini nina roho ya pini. Nesi akacheka. Mimi pia.

Jumamosi, 27 Julai
Anazungumza, anazungumza, anazungumza. Viota mia nne na kumi na moja. Alikuwa amebakiza upande wa kusini tu. Nilimchana nywele. Nilitaka kumwambia kuhusu Jumanne, nikasema nitamwambia kesho akiwa na nguvu.

Jumapili, 28 Julai
Mdogo wangu amefariki leo saa kumi na moja alfajiri. Damu iliganda mguuni ikapanda kwenye mapafu. Nilimuuliza daktari, kama angefika siku ile ile ya kwanza? Ni kijana mpole, alitazama viatu vyake. Akasema, "Mama, siku mbili kulala na mfupa umevunjika, bila maji... siku mbili ni nyingi."

Siku mbili. Moja ilikuwa ya upepo. Moja ilikuwa yangu.

Jumatano, 31 Julai
Tumemzika kando ya mama.
Hakuna kitambaa.

Alhamisi, 1 Agosti
Hakuna.

Ijumaa, 2 Agosti
Hakuna. Nimeangalia saa nne, saa sita, saa tisa.

Jumanne, 6 Agosti
Hakuna. Mteja wa sare kaja kupiga kelele. Nimemwacha apige. Alipochoka nikamwambia mdogo wangu amekufa, akakaa chini kwenye kigoda akaanza kulia yeye, na mimi ndiye niliyemletea maji.

Jumamosi, 10 Agosti
Hakuna.
Nahodha ameenda kuvichukua vitu vya kibandani. Karudi na begi, sufuria, blanketi na boksi la bati la ofisi. Ofisi wamesema nilikague nitoe vyake kabla hawajalichukua. Ndani kulikuwa na daftari la mwaka huu na la mwaka jana, kwa kuwa wao hulinganisha hesabu. Yana safu tatu: tarehe, viota, na ya mwisho imeandikwa "Nyumbani". Kumbe kama sisi tulivyokuwa tukiandika vyake, naye alikuwa akiandika vyetu.

Nilifungua la mwaka jana kutafuta tarehe kumi na tisa. Nilitaka nione kwa macho yangu alivyoandika siku ile aliyompuuza mama.

Kwenye safu ya Nyumbani ameandika "ukungu". Nikashangaa. Siku ile haikuwa na ukungu, jua lilikuwa linachoma. Nikarudi nyuma. Tarehe kumi na nane: ukungu. Kumi na saba: ukungu. Hadi kumi na nne, siku sita mfululizo. Ndipo nilipoona kwamba "ukungu" imeandikwa kwa penseli juu ya kitu kilichokwisha kuandikwa, na pembeni kuna maneno madogo ya wino yaliyopigwa mistari ya penseli. Penseli haifichi wino. Nilipeleka daftari dirishani, nikasoma.

14. Nyumbani: matatu. Nimeshuka jiweni, nimekaa hadi saa nane. Boti hakuna.
15. Nyumbani: matatu. Nimeshuka. Hakuna.
16. Nyumbani: matatu. Nimeshuka. Nami nimetandaza vitatu. Kimya.
17. Nyumbani: matatu. Nimeshuka asubuhi na jioni. Jua kali.
18. Nyumbani: matatu. Jamani ni mashuka tu! Dada anafua, kasahau kamba ni ya nini. Nitawacheka wote wawili nikirudi.
19. Nyumbani: matatu. Niko upande wa kusini, viota 340.

Mama alianza kuugua tarehe kumi na tatu usiku. Alikuwa hawezi kuinuka. Nilikuwa nabadilisha mashuka asubuhi na jioni, na kuna kamba moja tu katika nyumba hii. Kila siku yaliyokuwa kambani yalikuwa matatu. Meupe.

Siku tano nilimwita bila kujua namwita. Siku tano akashuka kwenye lile jiwe na begi lake, akangoja. Alituita naye, na aliyekuwa na kazi ya kuangalia alikuwa kitandani, na mimi nilikuwa nafua. Siku ya sita, nilipoyatoa yaliyokauka nikatundika matatu mengine, yale ya kweli, hakukuwa na tofauti yoyote.

Aliporudi, pale uani, akageuka akaitazama kamba. Siku ile bado mashuka ya mama yalikuwa juu yake. Akaelewa yote kwa mara moja, na mimi nimesimama mbele yake nangoja jibu. Akaniambia neno moja la kweli na mengine yote akayameza. Halafu akachukua penseli akanifutia.

Mwaka mzima nilimnyima kwaheri. Na nilipomdanganya ndani ya boti, niliuiba ukweli wake nikaufanya uongo wangu, naye akanishika mkono.

Jumapili, 11 Agosti
Sikuangalia.

Jumatano, 14 Agosti
Nahodha kaja. Nimemsomea. Akasema, "Hata mimi nilikuwa napita hapa chini kila siku, Fundi. Niliyaona yale mashuka. Nilisema tu huyu mwanamke anafua sana." Tukakaa. Baadaye nikamwambia kuhusu Jumanne. Alipoondoka aliaga, ila hakunitazama. Ana haki.

Jumamosi, 24 Agosti
Nimepanda boti. Nahodha hakuniuliza sababu. Nimeruka, nimefunga kamba, nimehesabu upande wa kusini. Ndege wamenichafua nguo kuanzia kichwani. Viota thelathini na nane. Kwenye kila kimoja nimeweka nukta ya bluu kwa rangi yake. Jumla mia nne na arobaini na tisa. Nimeandika kwenye daftari lake, na kwenye safu ya Nyumbani sikuandika kitu, kwa kuwa nyumbani hakukuwa na mtu.

Jumatatu, 2 Septemba
Mama wa ofisini kaja kuchukua madaftari, mtu mzima, miwani imefungwa uzi. Nimempa boksi, na daftari hili nitampa kesho asubuhi. Nimemwambia mapema kwamba kuna ukurasa wa tarehe ishirini na tatu Julai, asome, na kwamba ya mwaka jana haikuwa ukungu. Leo analala kwangu, amechoka na safari. Akisoma na wakaamua hii kazi wampe mtu mwingine, ni sawa.

Aliniuliza, "Msimu ujao tutaleta mtu mpya. Akitaka kujua ishara zenu, utamwelekeza?"

Nikasema nitamwelekeza.

Alipokwenda kulala nilichukua nyundo. Upande wa nyuma wa nyumba, kati ya ukuta wa jiko na nguzo ya tangi, mahali pasipoonekana kutoka baharini, nimefunga kamba ya pili, ya nguo za kufua. Imechukua misumari miwili na dakika tano.